Ripota mgeni, kiti cha ubunge na risasi mbili za Jefferson City

Jina la Pulitzer wengi tunalijua kwa sababu ya ile tuzo ya waandishi wa habari kule Marekani, na mimi nilivyokuwa ripota wa mkoani nililisikia miaka na miaka bila kujua kwamba mwenye jina, Joseph Pulitzer, akiwa na miaka 22 na Kiingereza cha kuungaunga, aliingia bunge la jimbo la Missouri huku bado anaandika gazetini, na wiki tatu baada ya kikao kuanza akampiga mtu risasi. Sio vitani, sio porini. Hotelini, sebuleni, mbele ya watu waliokaa wanapiga stori za siasa.

Kisa hiki nimekizungusha kichwani muda mrefu kwa sababu kuna kitu nilishakiona kwa macho yangu. Enzi zile tulikuwa na mwenzetu mmoja, ripota mzuri kabisa, akagombea udiwani akapata, alafu akaendelea kutuma habari za vikao vya baraza ambalo yeye mwenyewe anakaa. Hakuna aliyemkataza. Gazeti lilifurahi maana habari zilikuja haraka na zilikuwa za ndani. Na zilikuwa za kweli, hilo nalisema wazi, ila kila nikizisoma najiuliza hapa anaongea ripota au anaongea diwani, na jibu sikulipata. Kwahiyo nilipokutana na Pulitzer wa mwaka 1870 nikakaa chini nikasoma taratibu.

Turudi nyuma kwanza, maana ule usiku bila ya nyuma hauelewi.

Pulitzer kazaliwa Aprili 10, 1847, mji wa Makó nchini Hungaria, familia ya Kiyahudi, baba yake mfanyabiashara wa nafaka aliyefanikiwa vizuri mpaka wakahamia mjini Pest. Mwaka 1858 baba akafariki na biashara nayo ikaenda. Ndugu zake wengi walikufa wangali wadogo. Mama akaolewa tena, na kijana ambaye alishaonja maisha ya kufundishwa na walimu wa nyumbani akajikuta hana nafasi yake pale. Akaamua awe askari. Akajaribu jeshi la Austria, wakamkataa, macho mabovu na mwili hauna kitu. Akajaribu Wafaransa waliokuwa wanapeleka watu Meksiko, wakamkataa. Waingereza nao wakamkataa. Mwaka 1864 akiwa Hamburg akakutana na maajenti wanaotafuta vijana wa kwenda kupigana upande wa Kaskazini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, na hao hawakuwa na muda wa kupima macho ya mtu. Akapanda meli akiwa na miaka 17.

Akatumikia jeshi la wapanda farasi la New York, kikosi kimejaa Wajerumani, kama miezi minane tu mpaka vita ikaisha 1865. Na hapa kuna jambo watu hulipita haraka lakini mimi naona ndo mzizi: alitoka jeshini akiwa Mmarekani wa vitani lakini lugha ya nchi hana, kwa sababu kikosini kila mtu alikuwa anaongea Kijerumani. New York akakosa kazi. Maelfu ya askari walirudi siku moja kutafuta vibarua vilevile. Inasimuliwa kwamba akiwa na koti lake la jeshi lililochakaa alifukuzwa hoteli moja, French's Hotel, kwa sababu muonekano wake unakera wateja. Akauza alichokuwa nacho akaelekea St. Louis, mji uliojaa Wajerumani, akafika kwenye kingo za mto Mississippi hana nauli ya kivuko, akavuka kwa kukubali kupakia makaa kwenye tanuru la boti.

St. Louis alifanya kila kitu. Alichunga nyumbu wa jeshi, wale wanaozaliwa na punda na farasi, pale kambi ya Benton Barracks, 16 kwa hesabu yake mwenyewe, kazi aliyoichukia maisha yake yote. Akawa kibarua wa hapa na pale. Na kuna siku moja hapo katikati ambayo kwangu mimi ina uzito kuliko ile siku ya uchaguzi. Yeye na wanaume wengine kadhaa walimlipa wakala mmoja dola 5 kila mtu awapeleke Louisiana kwenye mashamba ya miwa, kazi nzuri mshahara mzuri, wakapandishwa boti usiku, boti ikawashusha maili kama 30 kusini mwa mji, ikaondoka. Hakuna shamba, hakuna kazi, hakuna wakala. Wakarudi kwa miguu. Pulitzer alivyofika mjini akaandika kisa chote kwa Kijerumani, kikatoka kwenye gazeti la Westliche Post. Hiyo ndo habari yake ya kwanza kuchapwa.

Yeyote aliyewahi kuwa mgeni ugenini anaijua hiyo boti. Leo inaitwa viza ya kazi, inaitwa konekshen ya Ghuba, inaitwa jamaa ana mtu wake ubalozini. Unalipa, unasafirishwa, unashushwa pasipo na kitu. Tofauti ni kwamba wengi wetu tukirudi tunanyamaza kwa aibu, tunawaambia wa nyumbani mambo mazuri tu yanaenda. Yeye hakunyamaza, akaandika, na alichogundua siku ile ni kwamba uchungu wa mtu asiye na hela ukiandikwa vizuri unachapwa, na ukichapwa, aliyekutapeli anasomwa jina lake na mji mzima.

Alipokuwa hana kazi alikuwa anashinda maktaba ya Mercantile Library, anasoma sheria, anasukuma Kiingereza, na kwenye chumba cha chesi akajuana na Emil Preetorius na Carl Schurz. Hao wawili ndo wenye Westliche Post, nao wote ni wahamiaji waliokimbia Ujerumani baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa. Machi 1867 akapata uraia. Akaruhusiwa kuwa wakili mwaka 1868 lakini wateja hawakuja, nani atampa kesi kijana mrefu mwembamba, shingo ndefu, Kiingereza kinagongana na Kijerumani? Mwishoni mwa 1868 Westliche Post ikamchukua kama ripota.

Akafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Anaanza asubuhi ya saa nne anamaliza saa nane usiku, kila siku, maripota wa magazeti ya Kiingereza wanamcheka jinsi anavyotokea kwenye tukio hana koti wala kola, karatasi mkono mmoja penseli mkono wa pili, anajitambulisha kwa sauti kwamba yeye ni ripota wa Westliche Post. Wakawa wanamtania na kumtuma kwenye habari za uongo. Baada ya muda wahariri wao wenyewe wakaanza kuwauliza kwa nini gazeti la Kijerumani lina habari ambazo wao hawana. Kicheko kikaisha.

Sasa uchaguzi. Desemba 1869 kulikuwa na kiti wazi cha mwakilishi kutoka eneo moja la St. Louis, eneo ambalo lilikuwa ngome ya Democrats, na Republicans wakafanya kikao Turner Hall kutafuta mtu wa kuweka jina lake pale. Aliyetakiwa akakataa. Pulitzer alikuwepo kikaoni kama ripota. Mtu akataja jina lake, wakampitisha, na ukweli ni kwamba walimpitisha kwa sababu walijua anashindwa, walitaka jina tu kwenye karatasi. Yeye hakuelewa hivyo, au alielewa akaamua kupuuza. Akatembea nyumba kwa nyumba, akahutubia, akafanya kampeni kama vile kiti ni cha kwake tayari. Matokeo yakatoka: kura 209 kwa 147.

Angalia hizo namba vizuri. Watu 356 ndo waliopiga kura. Ni uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi, wiki ya Krismasi, lakini pia Missouri ya wakati ule ilikuwa na katiba ya 1865 iliyomtaka mpiga kura ale kiapo kwamba hakuwahi kuunga mkono waasi wa Kusini hata kwa huruma, na kulikuwa na maofisa wa kuandikisha wenye mamlaka ya kumkata mtu kwenye daftari. Wengi waliokatwa walikuwa Democrats. Kwahiyo ushindi wa kijana wetu ni wa jasho lake, lakini ulisimama pia juu ya daftari lililopunguzwa, na hili inabidi lisemwe kwa sababu mtu mwenye cheo kwenye daftari hilohilo tunakutana naye muda si mrefu.

Na jambo la pili. Miaka 22 haikutosha kisheria, alikuwa hajafikisha umri wa kuwa mbunge wa jimbo. Hakuna aliyelivalia njuga. Akaenda Jefferson City, makao makuu ya jimbo, kikao kikaanza Januari 5, 1870, akala kiapo akakaa. Mimi nampenda Pulitzer lakini hapa siwezi kumbeba. Mtu aliyeingia bungeni kusema kwamba wakubwa wa St. Louis hawafuati sheria, yeye mwenyewe kiti alichokalia hakikufuata sheria. Najua hoja ya kumtetea, kwamba wenyewe walimpitisha, kwamba mgeni hapewi mlango kwa hiyo akiuona uko wazi anapita. Nimeisikia hiyo hoja kwa watu wengi wanaohama nchi, na nikiwa njaani pengine ningeitumia. Ila bado ni kiti ambacho hakikuwa chake, na kama wapinzani wake wangekuwa na akili kidogo wangemmaliza na hilo tu bila ngumi wala tusi.

Akiwa bungeni hakuacha kazi ya gazeti. Anakaa kwenye kikao mchana anapiga kura, usiku anaandika habari za kikao hichohicho anatuma St. Louis. Na mswada aliouleta yeye ulikuwa wa kuivunja County Court ya St. Louis. Jina linadanganya, ile sio mahakama ya kuhukumu wezi, majaji wake walikuwa wanasimamia fedha na ujenzi wa kaunti, fikiria baraza la madiwani lenye mafungu yote, barabara, majengo, hospitali, na watu wachache wanaogawa tenda. Malalamiko ya rushwa yalikuwa mengi na ya siku nyingi. Sasa kijana ambaye juzi alikuwa anaripoti vikao vyao anakuja na mswada wa kuwafutilia mbali, alafu jioni anaandika gazetini nani na nani wameonekana Jefferson City wanapita kwa wabunge kuupinga.

Mmoja wa waliofika kuupinga ni Kapteni Edward Augustine. Mkandarasi, na wanaoandika historia ya Pulitzer wanamtaja kuwa na tenda ya jengo la wagonjwa wa akili la kaunti. Na juu ya hapo alikuwa msimamizi wa uandikishaji wapiga kura wa kaunti ya St. Louis. Yaani mkono mmoja una tenda, mkono wa pili una daftari la nani apige kura. Mtu wa namna hiyo hajazoea kuandikwa na kijana wa gazeti la Kijerumani.

Usiku wa Januari 27, 1870, Schmidt's Hotel, sehemu waliyokuwa wanakutana wabunge na wapambe wao. Pulitzer kaingia sebuleni, Augustine yupo, maneno yakaanza kuhusu kile kilichoandikwa, na Augustine akamwita muongo aliyelaaniwa mbele ya watu wote. Pulitzer akamwambia achunge mdomo, mwenzake akarudia. Pulitzer akatoka.

Hapa ndo pa kusimama. Akatoka. Kisa kingeweza kuishia hapo. Alikuwa na kiti bungeni cha kusimama kesho yake na kulijibu tusi, alikuwa na gazeti la kuchapa jina la Augustine na tenda yake mpaka mwezi uishe. Hakuna mtu kwenye jimbo zima la Missouri mwenye silaha halali nyingi kama alizokuwa nazo yeye usiku ule. Barabarani akapishana na waandishi wenzake, na alichowaambia ni kwamba warudi hotelini kuna habari inakuja. Akaenda chumbani kwake, akachukua bastola ya mitutu minne, akarudi.

Nikisoma hayo maneno aliyowaambia wenzake nasikia baridi. Mtu anakwenda kufyatua risasi, bado kichwani kwake anafikiria deski la habari. Ni ripota anayetengeneza habari, ni mbunge anayetengeneza kosa la jinai, ni kijana wa miaka 22 aliyetukanwa, wote watatu wanatembea na miguu ileile miwili kurudi Schmidt's Hotel, na hakuna hata mmoja kati yao anayemzuia mwenzake. Nilichokuwa najiuliza juu ya yule diwani wetu, hapa kimefika mwisho wake mbaya kabisa.

Wakakutana tena sebuleni. Maneno, tusi lingine, Augustine akamsogelea, alikuwa pande la mtu, na Pulitzer akafyatua mara mbili. Risasi moja ikampata Augustine mguuni, ya pili ikakosa. Augustine akamvaa, wakaanguka, na Pulitzer akatoka na jeraha kichwani. Upande wa Pulitzer walisema Augustine alikuwa na chuma cha kuvaa vidoleni na ndicho kilichompasua, ushahidi ukagongana pia kama Augustine naye alikuwa na bastola. Watu wakawatenganisha. Augustine hakufa, jeraha halikuwa kubwa, na hapo ni bahati tu, sentimita chache juu na leo hakuna tuzo ya Pulitzer.

Kwa kosa la kuvuruga amani akalipishwa faini ndogo haraka haraka. Bungeni kulikuwa na jaribio la kuunda kamati imchunguze mbunge anayepiga watu risasi, likazimwa. Westliche Post ikamtetea kwa nguvu, magazeti mengine yakamrarua, na hapa ndo sehemu inayoniuma zaidi: kelele za risasi zikaifunika County Court. Tenda zikasahaulika. Kila mtu anajadili chuma kilikuwepo au hakikuwepo, nani alianza, mgeni ana adabu au hana adabu. Augustine alipigwa risasi ya mguu na akashinda wiki ile. Mtu anayetetea jambo la kweli akikasirika vibaya anampa mpinzani wake kila alichokuwa anakitafuta, anamgeuza mtuhumiwa kuwa muathirika.

Na kwa nini alikasirika vile? Wengine wanasema ni hasira zake tu, na ni kweli alikuwa na hasira maisha yake yote, wafanyakazi wake wa baadaye walizijua vizuri. Wengine wanasema ni enzi, wanaume wa wakati ule walitembea na bastola na neno muongo lilikuwa la kumwaga damu. Yote sawa. Mimi naongeza moja. Kwa ripota mgeni, anayeandika kwa lugha ambayo wabunge wengi hawaisomi, ukweli wake ndo mtaji wote alionao. Hana ukoo, hana shamba, hana baba anayejulikana mjini. Mwenyeji akiitwa muongo ana majirani wa kumtetea, watasema tunamjua huyu tangu mtoto. Mgeni akiitwa muongo hakuna wa kusema hivyo. Silitaji hili kumsafisha, ila nalielewa, nimewahi kuwa kwenye chumba ambacho lafudhi yangu ilitosha kunifanya nisiaminike, na kifua kilinibana kwa namna ambayo sijawahi kusahau.

Kesi ya shambulio iliburutwa mpaka Novemba 1871. Wakili wake alikuwa rafiki yake, Charles Johnson. Akakutwa na hatia, faini dola 100 pamoja na gharama za kesi, pesa ambazo hakuwa nazo, marafiki wakachanga. Kiti chenyewe alikuwa ameshakipoteza, Novemba 1870 aligombea tena akashindwa. Uchaguzi huohuo wa 1870 wananchi wa Missouri waliufuta ule utaratibu wa kiapo, kwahiyo daftari lililomkuta akiingia halikuwa lilelile lililomtoa. Kampeni ya kulifungua lile daftari ilikuwa ya kina Schurz na mwanasiasa Gratz Brown, watu wa upande wake mwenyewe, na yeye aliipigania gazetini akijua kabisa wanaorudi kupiga kura wengi wao ni Democrats. Hilo nampa heshima yake kamili.

Gavana mpya, Gratz Brown huyohuyo, alimteua kuwa mmoja wa makamishna wa polisi wa St. Louis. Mtu mwenye hatia ya kupiga mtu risasi anasimamia polisi. Sina cha kuongeza hapo, siasa za wenzio hubeba wa kwao, na hilo St. Louis sio peke yake.

Mwaka 1872 akaingia kwenye kundi la Republicans waliojitenga, wakamsimamisha Horace Greeley, mwenye gazeti naye, kugombea urais, Pulitzer akazunguka akihutubia kwa Kijerumani, Greeley akaanguka vibaya, na Pulitzer akahamia Democrats moja kwa moja. Hapo katikati alipata hisa Westliche Post, akaziuza kwa faida nzuri, akanunua gazeti lililofilisika akaliuza. Hayo ya biashara tuyapite.

Nisichotaka kupita ni mwaka 1875. Missouri iliitisha mkutano wa kuandika katiba mpya, na Pulitzer akachaguliwa kuwa mjumbe kutoka St. Louis. Umri safari hii unaruhusu. Akasimama kutetea St. Louis ijiendeshe yenyewe, na katiba ile ikafungua njia, mwaka uliofuata, 1876, wapiga kura wakalitenga jiji la St. Louis na kaunti yake, County Court ikapoteza mamlaka juu ya jiji. Kile alichoshindwa na mswada na bastola mwaka 1870, kilipatikana miaka sita baadaye kwa vikao virefu, vifungu, hoja, marekebisho ya hoja, na kura. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kama kutengana kule kulilisaidia jiji au kulilibana, maana mipaka ilifungwa palepale na jiji halikuweza kukua tena. Hiyo ni ishu nyingine. Kwa upande wa Pulitzer, ile mahakama ya tenda aliyoanza nayo akiwa na miaka 22 aliiona ikiondoka akiwa na miaka 29, na hakuna aliyemwagika damu.

Desemba 1878 akanunua gazeti la St. Louis Dispatch mnadani kwa dola 2,500, akaliunganisha na lingine likawa Post-Dispatch. Humo ndo akaanza kuchapa orodha za matajiri wanaokwepa kodi na wenye majumba ya kamari, kazi ileile ya mwaka 1870 lakini sasa bila kiti bungeni. Hamu ya kiti haikuisha, 1880 alitafuta kuteuliwa na chama kugombea Bunge la Marekani pale St. Louis akakosa. Alafu Oktoba 1882 kikatokea kitu kama marudio: mhariri wake mkuu, John Cockerill, alimpiga risasi wakili Alonzo Slayback ndani ya ofisi ya gazeti, Slayback alikuja amekasirika kwa kilichoandikwa juu yake. Safari hii mtu alikufa. Cockerill hakufunguliwa mashtaka lakini mji ukaligeukia gazeti, wasomaji wakapungua, na Mei 1883 Pulitzer akawa New York akinunua gazeti la World kutoka kwa tajiri wa reli Jay Gould kwa dola 346,000. Nadhani alipopata habari kwamba risasi imefyatuliwa ndani ya ofisi yake mwenyewe aliikumbuka ile sebule ya Schmidt's Hotel, sioni angeikosaje.

New York yenyewe ikampa kile St. Louis ilichomnyima. Novemba 1884 akachaguliwa kwenda Bunge la Marekani, Washington, Machi 1885 muda wake ukaanza. Wakati huohuo World ndo linapanda, linaendesha mchango wa kujenga nguzo ya Sanamu ya Uhuru, wasomaji wanatuma senti na dola, linachapa majina yao mmoja mmoja mpaka zikatimia zaidi ya dola 100,000, waliochangia ni zaidi ya watu 100,000, wengi wao wahamiaji na wafanyakazi waliotoa chini ya dola moja. Vikao vya Washington akawa hakai. Sasa ana gazeti kubwa kuliko yote nchini na kiti kwenye bunge kubwa kuliko yote nchini, vile vitu viwili vilevile vya Jefferson City, mara hii kila kimoja kikubwa mara elfu.

Safari hii akachagua. Aprili 10, 1886, siku aliyotimiza miaka 39, akajiuzulu ubunge akarudi gazetini. Hakukalia tena kiti cha kuchaguliwa mpaka alipofariki mwaka 1911. Na ile French's Hotel aliyosimuliwa kufukuzwa na koti lake la jeshi, mwaka 1888 alinunua kiwanja chake, akaibomoa, akajenga ofisi za World.